Jiwe la Nzula

Makokha aliiweka patasi chini, akajifuta vumbi usoni kwa kiganja, akamwambia tajiri wake kwamba kazi hiyo hataifanya.

"Mama Phylis, mimi nimechonga majina ya watu wengi hapa. Lakini siwezi andika jina ya mtu bado anapumua."

"Si mimi, Makokha. Ni Nzula mwingine. Alikufa zamani."

"Kitambulisho yako si imeandikwa Phylis Nzula? Sasa kaburi itajuaje ni nani imeitiwa?"

Phylis alicheka mpaka akakohoa, kisha akaiokota patasi, akapiga magoti mbele ya jiwe. Kazi aliijua. Marehemu mumewe alimwachia karakana hiyo kando ya barabara ya Isinya, pale Kitengela, na miaka yote ya ujane wake aliyaona majiwe ya makaburi yakiondoka uani kwenda kila pembe ya Kajiado na Machakos. Jiwe hili lilikuwa marumaru nyeupe yenye mshipa mwekundu mwekundu. Alikuwa amelificha nyuma ya matofali tangu lilipoletwa, na kila mteja aliyelichungulia aliambiwa lina ufa. Halikuwa na ufa wowote. Alikuwa akimwekea mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Nzula, dada ya Maweu, babu wa baba yake, aliyepotea akiwa mtoto katika ile njaa kuu ya zama za huyo babu. Tangu hapo, kila kizazi cha nyumba yao kilikuwa na msichana mmoja anayeitwa Nzula. Shangazi yake Phylis aliitwa hivyo, na Phylis mwenyewe akaitwa hivyo, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana hadithi ilijulikana. Mzee Kaloki, mdogo wa baba yake Phylis, ndiye aliyekuwa mwenye hadithi. Kila Krismasi, watu wakishashiba, aliisimulia: Nzula alikwenda mtoni kuteka maji, msafara wa wateka watu ukamzoa, kibuyu chake kikapatikana kimepasuka juu ya mawe. Wamisheni wakamnunua kutoka kwa wale mahasimu na kumpa uhuru, lakini akafa huko huko misheni kabla ya kuwaona tena watu wake. Mzee alikuwa na kipaji. Kila mwaka msafara uliongezeka urefu, na kibuyu kikapasuka vipande vingi zaidi, na kila mwaka Phylis alilia palepale.

Misheni hiyo sasa ilikuwa Chuo cha Kisima cha Yakobo, nje kidogo ya mji wa Kajiado, na watu walikiita Kisima tu. Majengo yake ya kwanza, kanisa na mabweni mawili ya mawe, yalijengwa na watoto. Chuo kiliwaita "waliokombolewa", na kilijivunia neno hilo katika kila sherehe. Walichokuwa hawakisemi ni kwamba hao waliokombolewa walipasua mawe na kubeba maji mwaka hadi mwaka bila ujira, wakiambiwa wanalipia uhuru wao, na atakayetoroka alirudishwa kwa viboko. Wengi hawakumaliza kulipa. Nyuma ya kanisa la zamani kulikuwa na marundo ya mawe yasiyo na jina hata moja, na wanafunzi walikaa juu yake wakila chapati.

Kisha vyuo vya nchi za mbali vikaanza kujiuliza kuta zao zilijengwa na nani, habari zikafika hadi kwenye simu za vijana wa Kisima, nao wakabeba mabango. Wakubwa wa chuo wakaona aibu, au wakaona waonekane wameona aibu. Ikaundwa kamati ya kuchunguza kama chuo kilihusika na utumwa. Katibu wake alikuwa Daktari Mugure, mwalimu wa historia, mwanamke mchanga mwenye sauti ya chini na viatu vilivyochakaa kwa kutembea kwa watu. Yeye ndiye aliyefika Kitengela na kumwambia Phylis kwamba ukoo utakaoleta shahidi utaruhusiwa kumwekea mtu wake jiwe nyuma ya kanisa.

"Awe mtu alisikia kutoka kwa mtu alikuwa anamjua huyo msichana," Mugure alisema. "Si lazima awe na karatasi. Mdomo inatosha."

"Huyo niko naye," Phylis alisema, na usiku huo furaha ilimnyima usingizi.

Hilo tu ndilo alilolitaka. Hakutaka fidia, wala kupigwa picha. Alitaka jina limkae mwenyewe. Tangu utotoni alihisi amevaa nguo ya mtu mwingine, na akasadiki kwamba siku Nzula wa kwanza akipata mahali pake, yeye naye atapumua.

Siku ya ushahidi walilifunika jiwe kwa gunia, wakalipakia nyuma ya pikapu, Makokha akaendesha. Phylis hakuwa na subira ya kungoja ruhusa. Alitaka jiwe likae karibu. Mzee Kaloki aliketi katikati yao, amevaa koti la kanisani na kofia aliyoivua na kuivaa njia nzima. Kwa kawaida, ukimpandisha Kaloki gari, ungejua kila shamba lilikuwa la nani kabla halijauzwa. Siku hiyo alipita Isinya kimya.

"Nau, unaumwa?" Phylis alimuuliza. Alimwita Nau, baba, kama alivyomwita baba yake mzazi.

"Siumwi, mwaitu." Mzee naye alimwita mama, huku akiitazama kofia yake. "Kwani lazima niongee mimi?"

"Nani mwingine yuko? Si ni ile tu ya Krismasi. Lakini leo usiweke simba."

Mzee akaivaa kofia tena.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Metito, mtu mrefu, mcheshi, mwenye shanga mkononi na suti ya bei. Aliwapokea mlangoni mwenyewe. "Sopa, mzee! Karibu, jisikie nyumbani." Alimshika Kaloki mkono kwa mikono miwili, na Phylis akampenda papo hapo. Bawabu alilipokea jiwe, akaliegemeza nyuma ya kanisa, gunia lake juu, likisubiri.

Sasa, Mugure alikuwa ameshauri mashahidi waape kwa Biblia, yaishe. Metito akakataa. Alitaka kiapo cha heshima, kinachofanana na mambo yetu, maana kulikuwa na wageni wa ng'ambo na kamera. Alikitunga mwenyewe, akakipenda. Kisha akatuma mtu kwenye kabati la makumbusho la chuo, ikaletwa pembe kubwa nyeusi iliyofungwa ngozi na kuzibwa kwa nta, ikawekwa juu ya kitambaa chekundu. Hakuna hata mmoja kati ya hao wasomi aliyeuliza pembe hiyo ilikuwa ya nini. Ilipendeza mezani, basi.

Kaloki aliijua. Alipoiona tu, alirudi nyuma hatua moja, Phylis akamshika kiwiko akidhani ni uzee. Mzee alikuwa Mkristo tangu ujana wake, shemasi mstaafu, lakini kabla ya kubatizwa alikuwa mtoto wa Ukambani, na aliwahi kuona wazee wakiapa kwa pembe kama hiyo, kithitu. Kithitu hakikuwa mchezo. Mtu aliyeapa uongo mbele yake hakuanza kufa yeye. Walianza watu wake, mmoja mmoja, mpaka aungame au abaki peke yake. Mzee alikuwa amemzika mke na wana wote. Mtu wake aliyebaki duniani ni Phylis.

"Weka mkono hapo, mzee," Metito alisema kwa upole, "useme nyuma yangu. Nikisema uongo leo, ulipizwe kwa nyumba yangu na kwa uzao wangu."

Mkono wa Kaloki ulining'inia hewani. Watu wakangoja. Mgeni mmoja akatabasamu na kusogeza kamera. Hatimaye mzee aliigusa pembe kwa ncha za vidole na kuyarudia maneno yote, kisha akageuka, akamtazama Phylis kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kosa.

"Hakukuwa na msafara," alisema.

Phylis alidhani hakusikia vizuri.

"Hakukuwa na msafara, na mtoni hakuenda. Ni babu yangu Maweu alimleta hapa. Dada yake wa tumbo moja. Nilikuwa kijana, yeye mzee wa kufa, akaniambia usiku akilia. Ilikuwa ile njaa watu walikula ngozi. Baba yao alikuwa amekufa. Wazungu wa hapa walikuwa na mahindi kwa stoo. Ukileta mtoto, unapewa gunia. Ukikosa mtoto, unarudi mikono mitupu. Watu wote walikuwa wanajua hivyo."

Mugure alikuwa akiandika mbio.

"Maweu alimshika mkono. Alimwambia wanaenda kwa shangazi. Wakafika, mzungu akamwangalia meno na mikono, akaita mtu alete gunia. Maweu akaibeba, akaenda. Alisema Nzula hakulia. Alidhani atarudiwa."

"Na hilo gunia?" Mugure aliuliza kwa sauti ndogo.

"Walikula. Mama yao, na Maweu, na wadogo. Ndiyo wakapona, wakaoa, wakazaa baba yangu. Sisi wote ni hiyo gunia."

Alikuwa bado na kidogo cha kusema, na alikisema akimwelekea Phylis peke yake, ukumbi ukabaki kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango. "Mama yao hakumlaumu Maweu hata siku moja. Lakini jioni akigawa chakula, anaita Nzula. Kila jioni. Maweu alipooa akapata msichana, akampa hiyo jina, ndio mama akiita kuwe na mtu wa kuitika. Hiyo ndiyo jina yako, mwaitu. Hakuna ingine."

Njia ya kurudi ilikuwa mbaya. Phylis alijizuia mpaka Isinya, halafu akalipuka, na Makokha masikini akakaza macho barabarani kana kwamba hajawahi kuiona lami.

"Maisha yangu yote, Nau! Maisha yangu yote umenilisha kibuyu na mto! Na kama ilikuwa uongo, si ungemaliza nao? Ungesema tu ile ya Krismasi, jiwe iwekwe, twende nyumbani!"

"Ile pembe, mwaitu. Hukuiona? Ningedanganya, ungeanguka wewe."

"Ni pembe ya kabati! Waliitoa kwa kabati!"

"Kithitu haiulizi ilitoka wapi," mzee alisema, akaivaa kofia yake.

Siku zile Phylis alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Akiitwa dukani "Mama Nzula" na wazee waliomjua, aligeuka kwa kuchelewa. Alijiona ameitika miaka yote kwa mtu aliyeuzwa, tena kwa niaba ya aliyemuuza. Akisonga ugali alifikiria gunia, na sahani akaisukuma kando.

Aliyemwinua ni Mugure. Alimpigia simu, na safari hii sauti yake haikuwa ya chini.

"Mama, mzee amefanya kitu kubwa sana. Miaka yote chuo imejificha nyuma ya hilo neno kukomboa. Sasa tunajua hakuna mtu walimkomboa. Walinunua wao wenyewe. Waliona njaa, wakafungua stoo, wakanunua watoto. Naandika hiyo sura ya ripoti mimi."

Phylis alikata simu akalia, kilio kingine. Ndiyo, Maweu alimtoa dada yake. Lakini nani aliyeketi juu ya mahindi akingoja? Aibu ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao alikuwa mkubwa kuliko mwenzake. Alikwenda kwa Kaloki, akampikia uji, akamwambia jiwe litawekwa, na litakuwa la kweli zaidi kuliko kama lingewekwa juu ya hadithi. Mzee aliunywa uji wote. Phylis alianza kupumua.

Siku ya kumbukumbu yalipigwa mahema meupe Kisima, kwaya ikavaa sare mpya, wageni wakakalishwa viti vilivyofungwa riboni. Phylis na mzee waliwekwa safu ya mbele kabisa, na hilo lingemtia shaka mtu mwenye akili. Mugure alikaa pembeni, kichwa chini. Phylis alimpungia mkono. Mugure hakuinua uso.

Metito alihutubu vizuri. Alikuwa na kipawa hicho. Alisema chuo kimekuwa na ujasiri wa kujitazama kwenye kioo. Alisema kamati haikuogopa ukweli. Kisha akaufungua huo ukweli wake.

"Tumebaini, kwa ushahidi wa kiapo, kwamba hapa Kisima hapakuwa na utumwa. Hakuna mtoto aliyetekwa. Hakuna msafara. Watoto walikabidhiwa kwetu na jamaa zao wenyewe wakati wa njaa, na waanzilishi wetu wakawapa makao na kazi. Tunamshukuru Mzee Kaloki, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ametuondolea wingu lililotanda juu ya chuo chetu."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakasimama. Mzee Kaloki aliitwa mbele, akafunikwa blanketi jipya mabegani, akageuzwa huku na huku apigwe picha. Hakuelewa bado, Kiswahili cha Metito kilikuwa cha vitabu. Alitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomuua Phylis.

Kisha pazia likavutwa ukutani, na bamba la shaba likaonekana: *Kwa kumbukumbu ya watoto walioletwa na jamaa zao, wakapata makao hapa.* Makao! Chini ya mawe waliyoyapasua wenyewe. Hapakuwa na jina hata moja.

Phylis alimwendea Mugure akiwa haoni vizuri. "Na ile sura?"

"Niliiandika, Mama. Waliitoa yote. Walibakisha maneno ya mzee, wakatoa stoo. Wakatoa gunia. Nikagoma kutia sahihi, wakaniambia mkataba wangu unaisha Disemba."

"Na ulitia?"

Mugure akavitazama viatu vyake. Phylis alimwacha hapo, hakuwa na hasira ya kumtosha na yeye pia.

Metito alimpokea kwa uso uleule wa upole, akamtoa kando ya watu. Alipoambiwa habari ya jiwe alishusha pumzi, kwa huruma kabisa, na pengine ilikuwa huruma ya kweli.

"Mama, lile jiwe tumelitazama, ni zuri sana. Lakini jifikirie. Familia iliyomtoa mtoto kwa gunia inakujaje tena kumwekea jiwe? Watu watasema nini? Hata ningekuwa mimi, ningeona haya."

Phylis alitafuta jibu. Lilikuwepo, alilijua tangu simu ile ya Mugure, juu ya stoo na aliyeketi juu ya mahindi. Lakini haya ilimjaa mdomoni mpaka neno likakosa pa kupita, maana nusu ya aliyoyasema yule mtu ilikuwa kweli, na nusu hiyo ilikuwa yake. Alisimama mbele ya Metito kama mtoto aliyefumaniwa akiiba sukari. Halafu akaenda kumwita Makokha waje walipakie jiwe.

Jioni ile, nyumbani, Kaloki aliuliza makofi yale yalikuwa ya nini. Phylis angeweza kumdanganya. Alimweleza yote, polepole, kwa Kikamba. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akalivua blanketi mabegani, akalikunja vizuri, akaliweka sakafuni mbali na miguu yake.

"Nilisema kweli," alisema.

"Ulisema kweli, Nau."

"Na hiyo kweli imekuua hivyo hivyo."

Hakuugua. Alianza tu kukiacha chakula, kwanza jioni, baadaye na mchana, na Phylis akimbembeleza alisema ameshiba, tena kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa mahali asipostahili kula. Mvua za masika zilipokaribia alikuwa amekwisha. Mchungaji alihubiri juu ya mtu aliyempenda Mungu, na watu wa Kitengela wakakubali kwamba Krismasi haitakuwa na msimulizi tena.

Likabaki suala la jiwe. Uani kulikuwa na mengine, lakini Phylis alisimama mbele ya lile lenye mshipa mwekundu, ambalo Makokha alikuwa amelielekeza ukutani ili Phylis asiwe akilisoma kila asubuhi.

"Hii nayo naweza kuisaga hiyo jina itoke," Makokha alisema. "Jiwe ni nzuri. Itabaki laini kabisa."

"Usisage. Ligeuze. Mwandike mzee upande wa pili."

Makokha alimtazama sana. Akaichukua patasi, na safari hii hakukataa kazi. Alichonga jina la Kaloki kwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuchonga.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya mzee, karibu na ua wa michongoma. Jiwe lilikuwa la kulazwa, si la kusimamishwa. Wanaume wanne walilibeba, wakaliinamisha juu ya saruji mbichi, na kwa muda mfupi upande wa chini ulionekana kwa wote waliosimama karibu. Binamu mmoja wa Phylis wa upande wa mama, kutoka Machakos, mtu wa kusoma kila kitu, akainama.

"Hapo chini imeandikwa nani?"

Wanaume walikuwa wameelemewa, wakimtazama Phylis wajue kama waendelee, na saruji ilikuwa inaanza kukauka kingoni. Phylis aliitazama herufi moja moja, zile alizozichonga mwenyewe kwa furaha akiwa amepiga magoti.

"Shusheni," alisema.

Wakashusha. Saruji ikabubujika pembeni, Makokha akaisawazisha kwa mwiko, akapangusa vumbi juu ya jina la mzee. Ndani ya nyumba mpishi mmoja alikuwa akigawa chakula cha waombolezaji, akiita watu kwa majina waje wachukue sahani zao. Akaita Nzula. Akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Phylis alisimama pale kando ya kaburi, mikono imejaa saruji, na hakuitika.